Damu ya pwani na hewa ya mlima: jibu kwa mwalimu wa Lamu anayetaka kuliona ziwa Michaelson

*"Assalamu alaikum, daktari. Nina miaka 31, ni mwalimu hapa Lamu, na kilima kirefu nilichopata kupanda ni vile vilima vya mchanga vya Shela. Wenzangu niliosoma nao chuo wamepanga safari ya Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, na mimi nimevutwa na picha moja tu: mtu amesimama juu ya jabali, chini yake ziwa Michaelson. Mpango ni huu: Alhamisi alfajiri napanda basi Mokowe, Ijumaa jioni niko geti la Chogoria, Jumamosi tunalala kambi ya Mintos, Jumapili alfajiri tuko kilele cha Lenana, tunaliona ziwa, tunashuka. Ami yangu ananikataza. Anasema damu ya mtu wa pwani ni nyepesi, haihimili mlima, na kila mara ananitajia dada yangu aliyefariki mdogo kwa ugonjwa wa damu wa selimundu. Mimi naona hayo ni maneno ya wazee, maana nakimbia kilomita nane kila asubuhi ufukweni na sijapata kulazwa. Kuna anayeniambia nimeze Diamox, kuna anayesema nitafune kitunguu saumu. Nifuate lipi? Na je, kikoi kitanifaa kule au nitachekwa?"*

Waalaikum salaam, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa habari ya kikoi. Mara ya pili nikakwama kwenye jambo uliloliandika kama la kupita njia, lile la marehemu dada yako. Nitalirudia, maana kwangu ndilo zito kuliko yote uliyouliza. Lakini kwanza tumalize hili la watu wa pwani.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, natibu Malindi, na Lenana nimefika mara nne. Damu yetu si nyepesi. Aliyekulia Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ana nafuu kidogo siku za mwanzo kwa sababu mwili wake umeshazoea sehemu ya safari, si kwa sababu ya kabila lake. Wewe ukikaa Nanyuki mwezi mzima utaipata nafuu hiyo hiyo. Wazungu kutoka miji ya bandari, ambao hawajalala juu ya ghorofa ya tano maisha yao yote, wanaupanda mlima huu kila mwaka na kushuka salama, na wengine wanashushwa wakitapika. Wanaotapika na wasiotapika hawatofautiani kwa asili yao. Mara nyingi wametofautiana kwa haraka yao.

Ukitaka kuelewa kwa nini, waulize wapiga mbizi wa kambakoche hapo kwenu. Watakwambia masikio huanza kubana mapema, na wakifika mita kumi mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa nayo ni bahari, na sisi wa Lamu na Malindi tunaishi sakafuni mwake. Kupanda mlima ni kuibuka. Oksijeni haipungui kwa sehemu yake, kwani ni asilimia 21 ya hewa, iwe ufukweni Shela au kileleni. Kinachopungua ni uzito unaoisukuma hewa hiyo ndani ya mapafu na kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Lenana, mita 4,985, umebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya ule uliouzoea. Hata sufuria inajua: kule Mintos maji yanachemka yakiwa na nyuzi 86 hivi, basi chai unaipata upesi lakini maharagwe utayangoja mpaka ukasirike.

Mwili ukiona oksijeni imekuwa haba, unakuhimiza uhema kwa kasi na kwa kina. Vizuri. Ila kila pumzi ya ziada inatoa pia hewa ya ukaa, na hiyo ndiyo inayoipa damu uasidi wake. Ikitoka nyingi, damu inaegemea upande wa magadi, kinyume cha uasidi, na ubongo, ambao haupendi hilo hata kidogo, unakanyaga breki: punguza kuhema. Hapo mwili unavutwa huku na huku. Usiku ndipo utakapoona vituko. Mtu amelala, anahema mara tano sita kwa nguvu, kisha kimya kabisa, kimya cha kukutia hofu, halafu anavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini. Mwenzako akifanya hivyo hemani, mwache alale. Ni kawaida kule.

Anayelifungua fundo hili ni figo. Linamwaga yale magadi ya ziada kwenye mkojo, damu inarudi sawa, breki inalegea, unahema unavyotakiwa. Ndiyo maana mtu anayezoea mlima vizuri hukojoa sana, na usiku wa baridi hilo ni adhabu kweli kweli. Lakini figo lina mwendo wake. Linaanza kazi siku ile ile, na kuikamilisha huchukua siku kadhaa. Wewe unayajua majahazi ya kwenda Pate, yanavyongoja maji yajae ndipo yapite mlango wa Mkanda. Nahodha awe hodari vipi, maji yakiwa yamekupwa atakaa pale pale atazame mikoko. Ama hizo chembe nyekundu za damu ambazo watu husema "zinaongezeka mlimani", zinaongezeka kweli, ila kwa majuma. Katika safari ya siku nne au tano usizitegemee.

Sasa utaona kwa nini kilomita zako nane za asubuhi, ambazo nakupongeza, hazijibu swali hili. Zimekupa miguu na moyo mzuri. Figo lako halijui kama ulikimbia au ulilala. Tena mwenye nguvu ndiye mwenye hatari ya pekee, kwa sababu anaweza kufika juu upesi kabla mwili haujajipanga, na ugonjwa wa mwinuko una hila: mara nyingi hauji ukiwa njiani, huja saa sita mpaka kumi na mbili baada ya kufika. Unaingia kambini alasiri unacheka, unapiga picha. Usiku wa manane umeshika kichwa.

Najua kwa sababu yalinifika. Safari yangu ya kwanza tulikuwa vijana watano wa Malindi, tumepita Naro Moru, tumeuziwa siku tatu na watu ambao sitawataja. Kambi ya Mackinder, mita 4,200, nilitapika chakula cha usiku nikasema ni maharagwe. Kichwa kilikuwa kinapiga kama ngoma, nami nilikuwa tabibu mwanafunzi, nikaona aibu kusema. Saa nane usiku tukaamshwa kwenda kileleni. Nikashika zipu ya koti nikashindwa kuingiza ncha kwenye tundu lake. Nilijaribu, nikajaribu, vidole ni vyangu lakini havinisikii. Mpagazi mmoja, mzee mwembamba aliyekuwa na tochi mdomoni, alinitazama tu. Akachora mstari kwa kisigino kwenye udongo, akaniambia nitembee juu yake, kisigino kiguse kidole, kisigino kiguse kidole. Hatua ya tatu nilikuwa nje ya mstari kama mlevi. Hakubishana nami. Alichukua mkoba wangu, akanishika mkono, tukashuka usiku ule ule mpaka kituo cha Met, mita 3,050 hivi. Kulipokucha nilikuwa naomba chai na mkate. Kipimo kile cha mstari nimekuja kukikuta baadaye kwenye vitabu vya udaktari. Yeye alikuwa nacho kwenye kisigino.

Kanuni tunayoitumia leo ni hii: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze usiku wa kupumzika pale pale. Kinachohesabiwa ni ulipolala. Mchana waweza kupanda juu zaidi kisha ukateremka kulala, na hilo ni jema. Upime mpango wako kwa kanuni hiyo. Geti la Chogoria liko karibu mita 3,000. Mintos ni zaidi ya 4,200. Umeruka mita 1,200 kwa usiku mmoja, baada ya siku mbili za mabasi bila usingizi, ukitoka sakafuni mwa bahari ile ya hewa. Simlaumu ami yako kukukataza mpango huu, ingawa sababu aliyoitoa si yenyewe.

Au tuseme, si yenyewe kwa nusu. Sasa nakuja kwa dada yako.

Mtoto hupata ugonjwa wa selimundu akirithi jeni yake kwa baba na kwa mama. Mwenye jeni moja tu si mgonjwa. Tunamwita mbebaji, na kwenye karatasi ya maabara huandikwa AS. Kama dada yako alikuwa na ugonjwa wenyewe, na mmezaliwa baba mmoja mama mmoja, basi wazazi wenu wote wawili ni wabebaji. Na wewe uliyekua mzima, bila maumivu ya mifupa wala kuongezwa damu, una nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji pia. Si moja kati ya mia. Mbili kati ya tatu. Kutolazwa kwako hakuthibitishi lolote, kwa kuwa mbebaji hulala na kuamka miaka sabini asijue.

Jeni hii imejaa pwani yetu, na kule magharibi kuzunguka ziwa Victoria, kwa sababu moja: mtoto mwenye jeni moja hukingika vizuri zaidi na malaria kali. Malaria ndiyo iliyotuachia. Kwa hiyo ami yako, alipolitaja kaburi la bintiye nduguye na mlima kwa pumzi moja, alikuwa ameshika kamba sahihi japo hajui imefungwa wapi.

Wabebaji wengi hupanda milima mirefu wakarudi wazima, na sitaki ukose usingizi kwa hili. Lakini oksijeni ikipungua sana, na hapo hapo mtu amekauka maji, ana baridi, na anajisukuma, chembe zake huweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mahali panapoumia kwanza ni bandama, wengine huita wengu, juu kushoto chini ya mbavu. Maumivu huja siku ya kwanza au ya pili huko juu, wakati mwingine yakipanda mpaka bega la kushoto, na watu huyaita kichomi au gesi, wakanywa soda, wakaendelea kupanda. Bandama iliyokosa damu haingoji soda.

Basi kabla ya kununua hata soksi, kapime. Omba kipimo kinachochambua aina za himoglobini. Kile cha haraka kinachosema tu "ipo" au "haipo" hakitoshi, maana hakimtengi mbebaji na mgonjwa. Kama maabara ya karibu nawe haina, sampuli hupelekwa Mombasa au Nairobi, kwa hiyo usiende wiki ya safari. Ukitoka huna jeni hiyo, neno la selimundu tumelifunga. Ukitoka AS, nenda ukae na daktari uso kwa uso, akupime damu, figo na tumbo, akusikilize. Mimi mgonjwa wangu wa namna hiyo simkatazi mlima, lakini humwambia aufanye mrefu kwa siku na mfupi kwa kimo, asikimbizane na mtu, anywe maji hata asipoona kiu, na maumivu ya kushoto yakianza ageuke hapo hapo, asingoje kuche. Na kwa yeyote mwingine anayesoma hapa ambaye ana selimundu yenyewe: mlima huu si wako, hata kidogo.

Sasa nikupe habari njema. Ile picha haipigwi Lenana. Jabali lile huitwa The Temple, na liko mwendo mfupi kutoka kambi ya Mintos; ziwa Michaelson liko chini yake karibu mita 300, kwenye bonde la Gorges. Kwa hiyo ziwa na kilele ni safari mbili zilizofungwa kamba moja, na waweza kuikata kamba. Kama moyo wako uko kwenye ziwa kweli, fika The Temple, tazama mpaka ushibe, rudi. Hutakuwa umeshindwa kitu.

Ningekupangia mimi, ungelala Nairobi au Chogoria mjini usiku mmoja ule uchovu wa basi utoke. Kisha usiku mbili getini, na siku ya katikati mpande kilima cha Mugi, mita 3,500 hivi. Kule juu ni tambarare na unaliona ziwa Ellis limetandazwa chini kama sinia. (Ami yako akikubana kabisa, mpe hiki: ni kilele, kina ziwa, na jioni unarudi getini. Kwa mtu wa AS mwenye wasiwasi, mimi ningeishia hapo kwa mara ya kwanza.) Usiku wa tatu ziwa Ellis, mita 3,455. Wa nne lile lile Michaelson, mita 3,950 hivi, ulale pembeni mwa maji ambayo wengine wanayaona kwa juu tu. Wa tano Mintos, na asubuhi yake Lenana kama kichwa kiko safi. Ndiyo, ni siku tatu nne zaidi ya mpango wenu, na kila siku ina ada ya hifadhi, mpagazi na chakula. Ndiyo maana watu wanauza safari fupi: ni rahisi kuuzika. Wenzako wakikataa kuongeza siku, ningeahirisha mpaka nipate wengine. Nendeni Januari au Februari, kaskazi ikivuma huku kwetu na mlima ukiwa mkavu, au Agosti na Septemba.

Diamox ni dawa halali, si uchawi. Inalisukuma figo limwage yale magadi mapema, yaani inafanya kazi ile ile niliyokueleza, kwa haraka kidogo. Kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vimekaliwa na sisimizi, na utakojoa zaidi. Kama uliwahi kuvimba midomo au kutoka malengelenge kwa Septrin au Fansidar, mwambie daktari kabla hujaigusa, kwa kuwa ina undugu na salfa. Na ukiwa AS usiimeze kwa ushauri wa rafiki. Wala haikupi ruhusa ya kuruka mita 1,200. Kitunguu saumu kula, ni chakula. Miraa utakayopewa njiani Meru na Chuka, ikatae kwa adabu: inaficha uchovu, inaua njaa na usingizi, na hivyo vitatu ndivyo vitu ninavyotaka uvisikie kule juu.

Kichwa kikiuma kidogo, meza paracetamol, kunywa maji, baki ulipo, usipande mpaka kiishe. Kikizidi pamoja na kutapika, shuka. Lakini ukishindwa mstari wa yule mzee, ukianza kusema maneno yasiyopangana, au ukihema kwa shida hali umekaa chini, unakohoa na ulimi au kucha zinageuka rangi ya zambarau, hapo hakuna kungoja asubuhi. Ushushwe usiku huo huo, mtu akiwa kando yako, mita mia tano mpaka elfu, kisha hospitali. Waambie wenzako haya mapema, kwa sababu mwenye ugonjwa huu ndiye wa mwisho kuamini kwamba anao. Mimi niliapa ni maharagwe.

Na kuna la sisi wa pwani peke yetu: homa ya nguvu kule juu, mfikirie mbu wa nyumbani kwanza. Malaria huweza kukaa mwilini juma zima na zaidi kabla haijajitokeza, na mwongozaji wa kule, ambako hakuna mbu wa malaria, ataona kichwa kinauma na kusema ni mwinuko. Mwambie siku ya kwanza kwamba unatoka Lamu, na ukipata homa shuka ukapime.

Kikoi beba. Usikivae kupandia, maana pamba ikilowa jasho haikauki na usiku kule ni chini ya sifuri. Nunua koti zito, soksi na kofia ya sufu kwa mitumba Gikomba, hutatumia pesa nyingi. Kikoi kizungushe shingoni ukifika Mintos, ukilala kikunje kiwe mto. Mimi changu cha buluu nilikiacha kwa yule mzee wa tochi, na safari iliyofuata nilimkuta amekifunga kiunoni juu ya suruali mbili.